Mpika Pombe wa Mwisho wa Uenzini

Kabla hajafika Uenzini, Sekela Mwasile alikuwa mwanamke wa kawaida tu, mwenye kilabu cha pombe ya ulezi pale Igundu, kijiji cha mlimani ambako ukungu hauondoki mpaka saa nne asubuhi. Pombe yake ilikuwa na jina. Watu walitoka ng'ambo ya mto, wakapita vilabu viwili njiani bila kugeuza shingo, wakaja kukaa kwenye mabenchi yake. Siri haikuwa ulezi wala maji. Ilikuwa chachu aliyorithi kwa mama yake, na mama yake kwa mama yake. Ilikaa ndani ya mtungi mweusi kando ya jiko, ikilishwa unga kidogo kila siku kama mtoto.

Mwaka mmoja mama yake aliugua, Sekela akaenda kumwuguza majuma matatu. Nyumbani alimwacha wifi yake, mtu msafi, mpenda kazi. Wifi akauona mtungi una ukoko ndani na harufu kali. Akaumwaga, akausugua kwa sabuni na mchanga, akauanika juani ukameremeta. Sekela aliporudi kutoka mazishini alionyeshwa mtungi ule kwa furaha. Aliketi chini pale pale mlangoni, na wifi akadhani anamlilia mama yake.

Alijaribu hamira ya dukani. Pombe ilifura upesi ikatoka na ladha ya maandazi. Wateja walikunywa kwa adabu, wakasifu, kisha mmoja mmoja wakaanza kuwa na shughuli nyingine. Ndipo mchuuzi wa chumvi aliyepita Igundu akamwambia habari za nchi iitwayo Uenzini. Huko, alisema, hakuna anayeheshimiwa kama mpika pombe wa nyumbani. Wagema, wapika pombe za nafaka, wachachuaji wa asali, wapika pombe kali za matunda, wote wana majina yao ukutani, na chachu ya kila mmoja imehifadhiwa ndani ya jumba kubwa ili isipotee milele.

"Hata chachu ya ulezi?" Sekela aliuliza.

"Ya ulezi wanayo mitungi arobaini," alisema mchuuzi.

Akafunga kilabu, akaenda. Safari yenyewe haina la kusimulia. Alitembea, akachoka, akafika.

Jambo la kwanza aliloliona Uenzini ni namna watu wanavyokunywa. Aliingia mgahawani alasiri akakuta wanaume sita mezani, kila mmoja na chupa yake. Kabla ya kunywa, kila mmoja aliinua chupa, akasoma karatasi iliyobandikwa ubavuni kwa sauti ya mtu anayesoma msibani: jina la aliyeipika kwanza, kijiji chake, jina la mama yake, aina ya kuni alizotumia. Wenzake waliinamisha vichwa. Kisha alikunywa upesi, akakunja uso kidogo, akaweka chupa chini.

Sekela akaagiza moja. Ilikuwa maji yenye sukari na rangi ya kitu kilichoungua. Karatasini palikuwa na picha ya mzee mwenye macho makali.

"Huyu mzee ninaweza kumpata wapi?" alimwuliza aliyemhudumia.

Yule mhudumu alivua kofia. "Amekwisha kuenziwa," alisema.

"Pole. Lini?"

"Mwaka wa nne huu. Ukitaka kumsalimu, yupo pale Jumbani. Kila siku isipokuwa Jumatatu."

Sekela hakuelewa, ila aliona haya kuuliza zaidi. Kesho yake akaenda Jumbani.

Jumba la Kuenzi lilijengwa kwa mawe meupe, na ndani yake hapakuwa na harufu yoyote. Hilo lilimshtua kuliko ukubwa wake, maana pua yake ilikuwa imejiandaa. Alipokewa na Mhifadhi Mkuu mwenyewe, Bwana Mpelembe, mtu mnene mwenye sauti ya upole. Alifurahi mno kusikia kwamba mgeni wake ni mpika pombe. Alimshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Nchi nyingine huwafukuza watu kama wewe," alisema. "Huwavunjia mitungi, huwatoza faini, huwaita wahuni. Sisi tulikataa. Sheria yetu ya kwanza inasema: kilicho chema kisibadilike. Njoo uone."

Akamwonyesha. Rafu zilipanda mpaka darini, na juu ya rafu mitungi midogo iliyozibwa kwa nta nyekundu, kila mmoja na nambari. Kila mpika pombe, Bwana Mpelembe alieleza, anapotambuliwa na serikali hutoa mitungi miwili, mmoja wa pombe na mmoja wa chachu. Tangu siku hiyo haruhusiwi kupika kitu kingine ila kile kilichomo mtungini. Kila mwaka, Siku ya Ulinganisho, pombe yake mpya huwekwa kando ya mtungi wake, na Baraza la Wahifadhi huipima uzito na kuitazama rangi, na kulinganisha na yaliyoandikwa daftarini siku mtungi ulipozibwa.

"Na kuionja," alisema Sekela.

"La, hatuonji. Ulimi ni shahidi mbaya, una ndugu na marafiki. Wajumbe wa Baraza letu huapa kutoonja pombe maisha yao yote. Ndiyo maana haki yetu haina doa."

Alisema hivyo bila kutabasamu, na Sekela akaona kwamba anaamini.

"Mheshimiwa," alisema, "mimi nimekuja kuomba. Chachu yangu ilimwagwa. Mkinipa ya ulezi, kijiko kimoja tu, mtakuwa mmenirudishia mama yangu."

Macho ya Bwana Mpelembe yalilowa. Alikuwa mtu mwepesi wa machozi. Akapanda ngazi, akateremsha mtungi mmoja, akaufuta vumbi kwa mkono wa joho lake. "Huu ni wa sitini na mbili. Hauwezi kutoka nje, lakini sheria inamruhusu mgeni wa kazi hii kuushika. Tazama. Miaka kumi na tisa, na haujabadilika hata kidogo."

Sekela akauweka sikioni. Chachu iliyo hai husema. Hunong'ona kama mvua ya mbali. Mtungi ule ulikuwa kimya.

"Mnailisha nini?" aliuliza.

"Kuilisha?" Bwana Mpelembe alicheka kidogo. "Ukiilisha itabadilika. Tunaichemsha saa tatu kabla ya kuiziba. Isipochemshwa huendelea kufura, inakuwa hivi leo na vile kesho. Tulihangaika miaka kabla hatujagundua dawa."

"Mliichemsha," alisema Sekela polepole. "Yote?"

"Yote. Mitungi mia tatu na kumi na moja."

Alimrudishia mtungi. Alitaka kuketi chini kama siku ile mlangoni kwake, ila safari hii hakuwa na mlango wa kuketi.

Bwana Mpelembe akamwongoza ukumbi wa pili, mahali anapopapenda kuliko pote. Kando ya ukuta palikuwa na viti virefu vya mbao, na juu ya viti watu waliokaa wima, wanaume kwa wanawake, wazee karibu wote, wamevishwa majoho mazito ya rangi ya nta. Mwanzoni Sekela alidhani ni sanamu. Kisha mmoja akakohoa.

Hao ndio walioenziwa. Mpika pombe ambaye pombe yake imetofautiana na mtungi wake haadhibiwi, Bwana Mpelembe alieleza, maana watu wa Uenzini hawawezi kumwadhibu mtu wanayempenda. Huvishwa joho, hupewa kiti, hulishwa vizuri, na haruhusiwi kugusa tena kimea wala kuni wala mtungi, asije akaiharibu kazi yake mwenyewe. Watu huja na watoto wao kuwatazama. Ukimsalimu mmoja wao hujibu maneno aliyofundishwa: "Kazi yangu iko salama."

Wa tano kutoka mlangoni alikuwa yule mzee wa macho makali. Jina lake Dilunga, mpika pombe kali ya mabibo. Sekela akainama mbele yake. "Shikamoo, mzee."

"Kazi yangu iko salama," alisema Mzee Dilunga. Macho yake hayakuwa makali tena. Yalitazama kitu kilicho mbali nyuma ya bega la Sekela.

"Amebaki mpika pombe mmoja tu nje," alisema Bwana Mpelembe walipokuwa wakitoka. "Mke wa huyu. Bibi Sihaba. Pombe ya ulezi. Ulinganisho wake ni keshokutwa. Miaka thelathini na moja hajakosea hata mara moja. Huyo ni fahari yetu."

Sekela aliuliza njia, akaenda siku hiyo hiyo.

Alimkuta Bibi Sihaba nyuma ya nyumba yake, amepiga magoti, akigeuza kimea, ulezi uliooteshwa, kwenye mkeka. Alikuwa mwembamba, mgongo umepinda, mikono ya mtu aliyebeba maji maisha yake yote. Sekela alimwamkia, akajitambulisha, kisha bila kuambiwa akapiga magoti upande wa pili wa mkeka akaanza kugeuza naye. Bibi Sihaba aliitazama mikono yake muda mrefu.

"Hii mikono haidanganyi," alisema. "Ingia ndani."

Ndani palikuwa na harufu. Sekela alisimama kizingitini akavuta pumzi mpaka kifua kikamwuma. Pembeni mwa jiko, chini ya kapu lililopinduliwa, palikuwa na mtungi wenye ukoko shingoni. Bibi Sihaba alifunua kitambaa. Povu lilikuwa limepanda, likipasuka polepole, likinong'ona.

"Ile waliyoichemsha ilikuwa nusu," alisema Bibi Sihaba. "Nusu nilibaki nayo. Kwa sheria ni wizi, maana chachu ni mali ya nchi; wao wanadhani napikia hamira ya dukani. Naitunza kila siku. Naogopa kila siku."

"Lakini wanasema pombe yako haijabadilika miaka thelathini na moja."

"Rangi tu, mwanangu. Nakoleza kwa masizi ikizidi weupe, nachuja mara mbili ikizidi uzito. Wao wanatazama, sisi tunajua. Hakuna mwaka hata mmoja pombe hii imekuwa ile ya mwaka juzi. Mvua haifanani, ulezi haufanani, hata mimi sifanani. Ndivyo ilivyo." Akafunika mtungi. "Mwaka huu mvua ilikuja katikati ya mavuno. Kimea kimelowa. Pombe ina ukungu ambao siwezi kuuchuja. Safari hii wataona."

Wakaketi. Bibi Sihaba akamtekea kata moja. Sekela akanywa. Haikuwa ya mama yake. Ilikuwa na uchachu wa mbele zaidi, na nyuma yake kitu kama moshi wa kuni mbichi. Hata hivyo ilikuwa hai, ikamshuka kifuani kama mtu anayeingia nyumbani kwake.

Aliomba chachu. Bibi Sihaba alitikisa kichwa. "Mpakani wanapekua. Wana watu waliozoezwa kusikiliza mitungi. Ukikamatwa nayo watajua imetoka kwangu, nao watakuja kuchemsha hii. Siwezi, mwanangu. Unisamehe."

Kisha akamweleza jambo lingine. Ipo sheria moja ya zamani ambayo haijatumika miaka sitini. Mgeni wa kazi ya pombe akiwapo Siku ya Ulinganisho, anaweza kuombwa kuonja pombe ya mtungi uliozibwa na ile mpya, kwa sababu ulimi wake hauna ndugu Uenzini. Neno lake ni la mwisho. Bwana Mpelembe bila shaka atamwomba. Alikuwa akiungoja mwaka kama huo tangu ujana wake.

"Basi nitasema zinafanana," alisema Sekela. "Utabaki na jiko lako."

Bibi Sihaba alichukua kijiti akachokoa majivu.

"Kila Ijumaa nampelekea mume wangu chakula," alisema. "Kila Ijumaa ananiambia kazi yake iko salama. Huyu ni mtu aliyekuwa akigombana nami usiku kucha kwa sababu nimeweka mdalasini kwenye chai. Miaka minne sijagombezwa na mtu. Nimechoka kupaka pombe masizi, mwanangu. Wakikuuliza, sema ulichoonja."

Siku ya Ulinganisho Jumba lilijaa. Baraza la Wahifadhi, watu kumi na wawili, lilikaa mezani. Walioenziwa walikuwa kwenye viti vyao kando ya ukuta. Mtungi wa pombe wa Bibi Sihaba, wenye nta nyekundu, uliwekwa juu ya meza, na kando yake chungu cha pombe mpya. Mjumbe wa kwanza alitazama, akaandika. Wa pili akatazama, akavaa miwani, akatazama tena. Ukumbi mzima uliona ukungu ule.

Bwana Mpelembe alisimama. Aliwakumbusha sheria ya zamani, akamwita Sekela mbele, akamwapisha kwa ulimi wake. Kisha akachukua kisu kidogo, akaipasua nta. Watu walipumua kwa pamoja, maana wengi wao hawakuwahi kusikia sauti ile.

Sekela alionja kwanza ile ya mtungini. Aliishika mdomoni kwa muda. Alitafuta kila mahali ambapo ladha huwa inajificha, chini ya ulimi, nyuma ya meno, puani. Ilikuwa kama maji yaliyosuuzia chungu cha zamani. Kisha akaonja ile mpya, yenye ukungu, na mdomo wake ukaamka.

Alimtazama Bibi Sihaba aliyesimama peke yake katikati ya ukumbi. Bibi Sihaba aliinua kidevu kidogo.

"Hazifanani," alisema Sekela. "Hii ya mtungini imekufa. Hii nyingine iko hai."

Hakuna aliyepiga kelele. Baraza lilinong'onezana, kisha mjadala ukaanza, nao ulidumu mpaka saa nane mchana. Mjumbe mmoja alisema shahidi ametumia neno ambalo halimo katika sheria, kwa kuwa hakuna ibara inayosema pombe inaweza kufa. Mwingine akajibu kwamba kama haimo katika sheria basi haikutokea, na lile neno lifutwe. Wa tatu, mtu mwenye akili nyingi aliyeheshimiwa kwa ufupi wa maneno yake, alisema kwamba mtungi hauwezi kukosea, kwa kuwa mtungi ndio kipimo. Kwa hiyo ladha aliyoionja shahidi mtungini, hata akiiita kifo, ndiyo ladha sahihi ya pombe ya ulezi. Kuanzia leo kila pombe ya ulezi iwe na ladha hiyo. Baraza liliona hoja hiyo ina uzito, likaipigia kura, ikapita kwa kura kumi na moja. Bwana Mpelembe hakupiga kura. Alikuwa ameketi, akiutazama mtungi uliofunguliwa.

Wakati kura zikihesabiwa, kiti kililia ukutani. Mzee Dilunga alikuwa amesimama. Joho lilimlemea, akatembea nalo kama mtu anayevuka matope, mpaka kwenye chungu cha mke wake. Askari wa Jumba walitazamana. Kumgusa aliyeenziwa ni kosa kubwa, na sheria haikuwa imewahi kufikiri kwamba mmoja wao anaweza kuinuka. Mzee akachukua kata, akateka, akanywa, akafuta mdomo kwa joho.

"Sihaba," alisema. "Kimea umekikausha vibaya."

Bibi Sihaba aliweka mkono kinywani.

"Mvua ilinyesha," alisema.

"Mvua ikinyesha kimea huanikwa darini, juu ya moshi. Nimekwambia mara ngapi?"

"Dari linavuja, Dilunga. Tangu walipokuchukua nani amelipanda?"

Mzee akateka tena. "Lakini inapita," alisema kwa sauti ya chini. "Inapita vizuri."

Ndipo wengine wakaanza kusogea. Si wote. Baadhi walibaki wamekaa wima, wakirudia maneno yao kwa mdomo usiotoa sauti. Ila tisa au kumi walifika kwenye chungu, wazee waliokuwa na mikono ya kazi ndani ya mikono ya majoho, wakapokezana kata bila kusukumana. Mmoja alisema ina ukali wa mbele. Mwingine akasema kuni zilikuwa mbichi. Walibishana kidogo. Mwanamke mmoja alilia, akaendelea kunywa. Watu waliokuja na watoto wao walisimama tu, hawajui kama wanashuhudia sherehe au uhalifu.

Chungu kilikwisha. Wazee walirudi wenyewe kwenye viti vyao, maana hawakuwa na mahali pengine pa kwenda.

Hukumu ilisomwa. Bibi Sihaba anaenziwa. Walimletea joho, wakampa kiti kando ya mumewe. Watu wawili walitumwa nyumbani kwake kuchukua chachu yote watakayoikuta, ili ichemshwe. Sekela alitaka kukimbia awatangulie, na aligeuka kabisa, lakini askari walikuwa mlangoni, na Bibi Sihaba alimwita kwa macho akamtikisia kichwa.

Watu walipotoka ukumbini, Bwana Mpelembe alimjia. Alikuwa amezeeka tangu asubuhi.

"Nikuulize," alisema. "Mama yangu alikuwa wa sita kuenziwa. Alichachua asali. Nilimvisha joho mwenyewe, alifia kwenye kiti kile pale. Mtungi wake uko rafu ya kwanza. Nao pia...?"

"Ulichemshwa, Mheshimiwa?"

"Moto niliukoka mimi. Nilikuwa kijana. Niliona namwokoa."

Sekela alitazama chini, akaona chungu kile kitupu. Hakikuwa kitupu kabisa. Ndani yake, chini kabisa, palikuwa na machicha, tope zito la kahawia ambalo kila mpika pombe hulimwagia nguruwe, na kila mpika pombe anajua kwamba ndani yake chachu hulala hai siku nyingi.

"Mheshimiwa," alisema, akijitahidi sauti isipande, "hicho chungu kitaoshwa?"

"Kitaoshwa, kitazibwa, kitawekwa nambari."

"Na ule uchafu wa chini?"

Bwana Mpelembe alitazama ndani ya chungu. Aliinama, akanusa, jambo ambalo pengine hakulifanya tangu utotoni, akabaki ameinama muda mrefu kuliko inavyohitajika. Mtoto wa mpika pombe hasahau harufu ile. Aliponyooka hakumtazama Sekela.

"Sheria zetu zinataja pombe na zinataja chachu," alisema. "Uchafu hazijautaja. Usafishe wewe, mama. Mimi nina mgongo."

Akatoka, akaufunga mlango nyuma yake.

Sekela alivua kitenge chake cha juu, akakikung'uta, akakomba machicha yote kwa viganja, akayatandaza kwenye nguo. Mbele yake, kwenye viti, Bibi Sihaba na Mzee Dilunga walimtazama. Walioenziwa hawaruhusiwi kuongea ila maneno yao yale. Lakini alipokuwa akifunga kitenge aliwasikia, kwa sauti ndogo ya watu wenye mazoea, wakibishana kuhusu dari. Mzee alisema paa lilihitaji miti miwili tu. Bibi alisema mitano, na kwamba mumewe tangu ujana wake hajui kuhesabu. Askari mmoja alikuwa mlangoni akiwasikiliza, na hakusogea.

"Kwaheri, Bibi," alisema Sekela.

"Ilishe leo leo," alisema Bibi Sihaba. "Unga usiwe mwingi. Na usimruhusu mtu akuambie inapaswa kuwaje."

Mpakani walimpekua. Waliweka masikio kwenye kibuyu chake cha maji, wakagonga sufuria yake. Kitenge walikifungua, wakakunja pua, wakaandika kwenye daftari: uchafu. Wakampungia mkono apite.

Alitembea siku kumi na moja. Mchana aliyaanika machicha yasioze, jioni alichovya kipande kwenye maji na unga kuona kama kingali kinapumua. Siku ya saba unga ulipungua, akala mizizi ili uliobaki uwe wa chachu. Siku ya tisa kipande hakikufura hata kidogo, naye akatembea siku nzima bila kufikiri chochote, maana kufikiri kungemwangusha. Siku ya kumi kipande kingine kilitoa povu dogo upande mmoja.

Chungu cha kwanza alichopika Igundu kilichacha vibaya akakimwaga. Cha pili kilikuwa chepesi mno. Cha tatu wateja walikunywa wakanyamaza, na kunyamaza huko hakukuwa kwa adabu. Haikuwa pombe ya mama yake wala ya Bibi Sihaba. Wifi yake alikuwa wa kwanza kurudi kujitekea mara ya pili. Sekela alimwonyesha mtungi, akamfundisha namna ya kuulisha, akampa nusu ya chachu akae nayo kwake.

Mwaka wa pili mchuuzi wa chumvi alipita tena. Alimkuta Sekela uani, chungu kikubwa kiko motoni, uji wa ulezi umeanza kuchemka, hatua ambayo ukiacha kukoroga kidogo tu unashika chini na kazi yote inaharibika. Mchuuzi alivua kofia. Alisema Bibi Sihaba amefariki wakati wa masika, akiwa kwenye kiti chake. Nchi nzima ya Uenzini ilisimama siku tatu. Sasa picha yake imebandikwa kwenye chupa, na watu husoma jina lake kabla ya kunywa.

"Watu wote walilia," alisema mchuuzi. "Wewe ulimjua. Hutaki hata kukaa chini kidogo?"

"Uji utaungua," alisema Sekela.

Akaushika mwiko kwa mikono miwili, akaendelea kukoroga, machozi yakimtoka, mvuke ukimpanda usoni, mpaka uji ulipoiva.